Mguu Upi, Mfupa Upi, Dawa Ipi: Waraka kwa Watunza Kumbukumbu za Afya

Kwa: Wanachama wote, maafisa na makarani wa kumbukumbu za afya

Yah: Uandishi na misimbo ya mifupa ya mguu iliyokufa kwa sababu ya dawa

Ndugu wanachama wenzangu,



Kikao kilichopita kiliniagiza niwaandikie kuhusu msimbo mmoja tu, M87.1, ule wa mfupa uliokufa kwa sababu ya dawa. Siku ile wengi wenu mlisema hamjawahi kuutumia tangu muanze kazi, na kauli hiyo ndiyo iliyoninyima usingizi. Prednisolone inatolewa katika kila hospitali tunayofanyia kazi: kwa pumu, kwa figo, kwa lupasi, kwa mzio, kwa wagonjwa wa ukoma ambao neva zao zimevimba. Deksamethasoni inachomwa kila siku. Inajulikana kwamba dawa hizi huua mifupa ya baadhi ya watu wanaozitumia kwa wingi au kwa muda mrefu. Sasa kama dawa ipo kila mahali na msimbo haupo popote, wagonjwa wale wamo kwenye mafaili yetu kwa jina lingine. Nimewatafuta katika kituo changu na nimewapata. Tulikuwa tumewaandika "maumivu ya mguu".

Nianze na neno hilo hilo, mguu, maana hapo ndipo tunapojikwaa kwanza. Kiswahili kimelibebesha mzigo mkubwa. Unyayo uliokanyaga mwiba ni mguu, muundi ni mguu, goti ni mguu, paja nalo ni mguu mpaka pale linapoingia kwenye nyonga. Mama akisema "mguu unaniuma" amesema kweli, wala hadaiwi zaidi. Kuuliza ni kazi ya anayempokea. Wapo pia wanaosema kiuno na huku wameshika nyonga. Na maradhi yenyewe yana hila. Kichwa cha fupa la paja kikianza kufa, maumivu hutokea kwenye kinena, yakashuka pajani, mara nyingine yakatua gotini. Mgonjwa anashika goti, anapigwa eksirei ya goti, goti linaonekana zima, anarudi nyumbani na diklofenaki. Kwenye faili linabaki neno moja, nasi tunalipatia M79.6, maumivu ya mkono au mguu, tunafunga faili na kuita namba inayofuata.

Nitawasimulia faili moja, kwa sababu kosa lilikuwa langu.

Alikuwa fundi cherehani, binti wa miaka ishirini na ushei. Alikuja akilalamikia mguu wa kulia, na tabibu aliandika vizuri kuliko kawaida: "Anashindwa kukanyaga pedali ya cherehani." Mara ya kwanza nikaweka M79.6. Akarudi, nikaweka M79.6. Katika miezi saba alikuja mara nne, na mara zote nne mkono wangu uliandika herufi ile ile na tarakimu zile zile. Mara ya tano alikuja amemshika mama yake bega, anachechemea, na safari hii alipigwa eksirei ya nyonga. Kichwa cha fupa la paja kilikuwa kimebonyea upande wa juu kama yai lililogongwa. Daktari wa mifupa akauliza swali moja: "Huyu alishawahi kutumia steroidi?" Faili lilikuwa mbele yake na halikuwa na jibu.

Halikuwa na jibu kwa sababu lilikuwa juzuu la pili. La kwanza lilijaa, nikafungua jipya, la zamani nikalipeleka stoo bila kuhamishia chochote zaidi ya jina, umri na namba. Nikashuka stoo na ufunguo. Juzuu la kwanza lilikuwa chini ya rafu ya tatu, limeliwa pembe na mchwa, na ndani yake, karatasi ya dawa ilikuwa bado imebanwa kwa pini: ugonjwa wa figo wa nefrotiki, prednisolone ya miligramu 5, vidonge 12 kila asubuhi, wiki nane, kisha kipimo kikapunguzwa kidogo kidogo. Muuguzi mmoja alikuwa ameandika pembeni kwa kalamu nyekundu kwamba uso wa mgonjwa umejaa. Dawa ile ilimsaidia sana figo. Maumivu ya mguu yalianza miezi tisa baada ya kidonge cha kwanza. Habari zote alizozihitaji daktari zilikuwapo hospitalini siku zote hizo, hatua thelathini kutoka mezani kwangu.

Alipopelekwa rufaa akafanyiwa MRI, nyonga ya kushoto nayo ilionekana imeanza kufa, ilhali haijamuuma hata siku moja. Hivyo ndivyo maradhi haya yalivyo. Mara nyingi hushika pande zote mbili, moja ikitangulia. Leo ana nyonga ya bandia kulia na anafuatiliwa kushoto. Sisemi kwamba msimbo ungemponya. Nasema kwamba laiti faili lingesema ukweli tangu siku ya kwanza, mtu angeitazama nyonga yake mapema, kabla kichwa cha mfupa hakijabonyea, wakati ambapo bado kuna la kufanya zaidi ya kubadilisha kiungo.

Ili tujue tunachokiandika, lazima tujue kinachotokea. Mfupa ni kitu hai, nao hulishwa kwa damu kama nyama. Kichwa cha fupa la paja kinalishwa na vijishipa vichache vinavyopanda kando ya shingo yake, na vikizibwa hakuna njia kubwa ya pembeni ya kuokoa jahazi. Steroidi kwa wingi huzinenepesha seli za mafuta ndani ya uboho, shinikizo likapanda mahali pasipoweza kutanuka. Matone ya mafuta na damu iliyoganda huweza kuziba mishipa. Na seli za mfupa wenyewe hufa. Mfupa uliokufa haubomoki siku hiyo. Unasimama miezi, mwenyewe anatembea juu yake, mpaka vijiti vidogo vya ndani vinapovunjika na uso wa kiungo kuzama. Ndiyo maana eksirei ya mwanzo hutoka safi, na MRI ndiyo inayoona kwanza. Mkikuta daktari ameandika mfupa umekufa na ripoti ya eksirei inasema hakuna tatizo, msifikiri wanapingana. Tazameni kama kuna MRI, na tarehe ya kila picha. Baada ya nyonga, maradhi haya hupenda goti, yaani ncha ya chini ya fupa la paja na ncha ya juu ya muundi, na pia mfupa wa kifundo cha mguu. Bega nalo hushikwa, lakini waraka huu ni wa mguu.

Haya si mambo ya jana. Philip Hench na wenzake wa Mayo Clinic nchini Marekani walimpa kotisoni mgonjwa wa kwanza wa baridi yabisi mwaka 1948, na kufikia 1950 Hench, Kendall na Reichstein walikuwa wamepewa Tuzo ya Nobel. Mwaka 1957 tu, madaktari wawili wa Italia, Pietrogrande na Mastromarino, wakaandika kuhusu mifupa iliyoharibika kwa matumizi ya muda mrefu ya kotisoni. Miaka tisa ilitosha kwa dawa kusifiwa na madhara yake kuonekana, kwa sababu mtu aliandika dawa na mfupa kwenye ukurasa mmoja.

Mfano ninaoupenda zaidi unatoka Hong Kong. Mwaka 2003 ugonjwa wa SARS ulipoingia, wagonjwa wengi walipewa steroidi kwa vipimo vikubwa ili kuokoa mapafu. Walipopona, wataalamu wa pale waliwaita 254 kati yao, wakawapiga MRI za nyonga na magoti, kisha wakarudi kwenye mafaili kujumlisha kila miligramu waliyopewa. Waliokutwa na mfupa uliokufa walikuwa 12. Kwa waliotumia chini ya gramu 3 za prednisolone kwa jumla, hatari ilikuwa asilimia 0.6, kwa waliovuka gramu 3, ilikuwa asilimia 13. Soma tena takwimu hizo kama mtunza kumbukumbu. Hakuna daktari aliyekumbuka gramu hizo kwa kichwa. Zilipatikana kwa kuwa kuna muuguzi aliyeandika kila dozi, na kuna karani aliyeiweka karatasi ile mahali inapoonekana. Yule fundi cherehani alimeza miligramu 60 kwa siku, kwa siku 56. Zidisha: ni miligramu 3,360 hata kabla ya kuhesabu wiki za kupunguza. Hesabu hiyo nimeifanya kwa kutumia karatasi iliyokuwa ikiliwa na mchwa.

Kwa hiyo kipimo kiandikwe, pamoja na tarehe ya kuanza na ya kuacha. Maneno "ametumia steroidi" hayatoshi, maana nguvu hazilingani. Miligramu 5 za prednisolone ni sawa na miligramu 20 za haidrokotisoni, sawa na 4 za methylprednisolone, sawa na 0.75 tu za deksamethasoni. Sindano ya deksamethasoni ya miligramu 4, tunayoiona ndogo, inazidi miligramu 25 za prednisolone.

Sasa nije kwenye neno ambalo kazi yetu yote inalitegemea: "kutokana na". M87.1 ni msimbo wa sababu. Haufunguki mpaka daktari aseme mfupa umekufa kutokana na dawa, au kwa sababu ya dawa, au dawa ndiyo iliyouua, kwa lugha yoyote atakayoandikia. Akiandika "mfupa umekufa, mgonjwa anatumia prednisolone", ameeleza mambo mawili yaliyo jirani, hajayafunga kamba. Akiandika "baada ya prednisolone", ametupa muda, hajatupa sababu. Jogoo huwika kabla ya jua na halichomozi kwa ajili yake. Mimi na wewe huenda tunajua kabisa kilichotokea, na bado hatuna ruhusa ya kujaza nafasi hiyo kwa kichwa chetu. Kalamu ya sababu ni ya daktari. Lakini kalamu ya kuuliza ni yetu, na hapo ndipo ninapowasihi. Tumezoea kuona karatasi ya daktari kama amri isiyoulizwa, hasa sisi wa ngazi ya cheti tunaokaa chumba cha nyuma. Ulizeni. Ulizeni kwa heshima na kwa maandishi, siku hiyo hiyo, kabla mgonjwa hajatoka na kabla daktari hajahamishiwa wodi nyingine.

Swali liwe hivi, nimelijaribu na linajibiwa: "Daktari, habari za kazi. Mgonjwa wa faili hili ameandikwa kufa kwa mfupa. Karatasi ya dawa inaonyesha prednisolone miligramu 60 kwa siku kwa wiki nane mwaka jana. Naomba uandike chanzo kadiri unavyoona kitabibu, au uandike kwamba chanzo hakijulikani. Naomba pia uandike ni mfupa upi na upande upi." Basi. Msimwekee daktari jibu mdomoni. Msiandike "thibitisha kwamba ni dawa", wala kamwe msitaje bima kwenye swali hilo. Swali linalotaja malipo huliharibia faili uaminifu wake wote, hata pale jibu lilipokuwa kweli.

Akijibu vizuri, sentensi yake itaonekana hivi: kichwa cha fupa la paja la kulia kimekufa kutokana na prednisolone aliyopewa kwa ugonjwa wa figo wa nefrotiki, kimeshabonyea, nyonga ya kushoto imeanza bila kubonyea. Sentensi moja, na kila neno ndani yake lina kazi. Huo ugonjwa wa figo msiuache nje; nao una msimbo wake, N04, na usipowekwa, dawa itaonekana kama ilitolewa bila sababu.

Kuhusu misimbo yenyewe, nawaomba utulivu, maana hapa kuna mtego uliowanasa hata wazoefu. Kitabu tunachotumia ni ICD-10 ya Shirika la Afya Duniani. Humo, baada ya M87.1 huja tarakimu ya tano ya hiari inayosema mahali: 5 ni nyonga na paja, 6 ni kuanzia goti kushuka muundi, 7 ni kifundo na unyayo, 0 ni sehemu nyingi, 9 ni mahali pasipotajwa. Kwa hiyo fundi wetu ni M87.15. Goti ligawanyeni kwa mfupa: ncha ya chini ya fupa la paja bado ni paja, tarakimu 5, ncha ya juu ya muundi ni 6. Kisha msimbo wa pili unaotaja dawa: Y42.0, steroidi za kundi la glukokotikoidi zilizotumika kama tiba. M87.1 peke yake inasema dawa imeua mfupa bila kusema dawa ipi, na hiyo ni nusu ya taarifa.

Mtego ni huu. Mkitafuta M87.1 kwenye simu, mnachokutana nacho kwanza ni toleo la Marekani. Wao wamelirefusha: M87.151 ni fupa la paja la kulia, M87.152 la kushoto, M87.161 muundi wa kulia, M87.162 wa kushoto, na dawa wanaiandika T38.0X5 badala ya Y42.0. Ni kazi nzuri, na nawaonea wivu kwa kuwa na kulia na kushoto. Lakini tazameni M87.10. Kwao maana yake ni mfupa usiotajwa. Kwetu tarakimu 0 ni sehemu nyingi. Karani anayenakili kutoka kwenye simu atamwandika mgonjwa asiyejulikana mfupa wake kuwa amekufa mifupa sehemu nyingi, na hakuna kompyuta itakayomzuia, kwa sababu msimbo upo kwenye vitabu vyote viwili. Fungueni kitabu chetu. Juzuu ya 3 kwa kutafuta, Juzuu ya 1 kwa kuthibitisha, kila mara, hata kama mmechoka.

Na kwa kuwa toleo letu halina kulia na kushoto, upande uandikwe kwa maneno kwenye sehemu ya maelezo. Anayekwenda chumba cha upasuaji anahitaji neno hilo kuliko anavyohitaji msimbo wetu. ICD-11, iliyoanza kutumika rasmi duniani Januari 1, 2022, inaruhusu kuunganisha upande na kiungo kwenye msimbo wenyewe; kituo kitakapohamia huko, mazoea ya kuandika upande leo yatakuwa yameshatuandaa.

Si kila mfupa uliokufa umeuawa na dawa, wala nisingependa waraka huu uwafanye muione prednisolone kila kona. Kwetu selimundu ndiyo ya kukumbukwa kwanza. Kijana mwenye selimundu na nyonga iliyokufa, chanzo kikiwa damu yake, anaandikwa D57 pamoja na M90.4, siyo M87.1. Aliyevunjika shingo ya fupa la paja kwenye ajali ya bodaboda na mfupa ukafa baadaye ni M87.2. Wenzetu wa Pwani mnaopokea wazamiaji, mfupa uliokufa kwa kupanda juu haraka kutoka kilindini una mahali pake, M90.3 pamoja na T70.3. Nyonga yenye kifua kikuu ni A18.0, na hapa soma kwa macho mawili, maana mwandiko wa haraka unaweza kukuchanganya kati ya mfupa wenye usaha na mfupa uliokufa bila usaha. Majina yao ya kitabibu yanaanza sawa na kumalizika sawa. Ugumu huja sababu mbili zinapokutana kwa mtu mmoja: mwenye selimundu aliyetumia pia steroidi, au aliyeanguka na bodaboda huku anameza prednisolone. Hapo msipige kura chumbani. Swali liende kwa daktari.

Wagonjwa wanaoishi na VVU wanahitaji jicho la ziada. Ritonavir, iliyomo katika baadhi ya dawa za mstari wa pili, huizuia miili isivunjevunje baadhi ya steroidi, zikalundikana kwenye damu. Sindano moja ya triamsinoloni gotini, au fluticasone ya kuvuta kwa pumu, inaweza kufanya kazi ya kipimo kikubwa. Kliniki ya VVU ina faili lake na kliniki ya mifupa ina lake, na sisi ndio pekee tunaoweza kuyaona yote mawili. Majina ya dawa zote mbili yaonekane mahali pamoja.

Lipo jambo la mitaani pia, na ni chungu. Kuna dada zetu wanaonunua vidonge vya kunenepa, na ndani yake kumo deksamethasoni. Wapo na wazee wanaouziwa dawa ya viungo isiyo na jina kwenye pakiti, wakipata nafuu ya ajabu ndani ya siku mbili. Misimbo ya Y40 hadi Y59 ni kwa dawa sahihi iliyotolewa sawasawa kwa kipimo cha tiba. Aliyejinunulia na kumeza kiholela, msikimbilie Y42.0. Njia yake kwa kawaida ni T38.0 ya sumu ya dawa, pamoja na X44 ikiwa haikuwa kwa makusudi, na tena ni daktari anayeeleza ilikuwaje. Tofauti hii ina uzito. Y42.0 ikiongezeka, tunajifunza kitu kuhusu tiba tunayotoa wodini. X44 ikiongezeka, tunajifunza kuhusu maduka. Tukichanganya, hatujifunzi lolote, na anayeuza vidonge vile anaendelea kuuza. Mpokeapo mgonjwa, muulizeni kwa upole dawa alizonunua mwenyewe. Hatasema kama ukimuuliza kwa sauti mbele ya foleni.

Msimbo haumalizi kazi. Madhara ya dawa yanaripotiwa kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) kwa fomu ya njano, na fomu hiyo haimsubiri bingwa. Mtoa huduma yeyote wa afya aweza kuijaza. Daktari akishaandika "kutokana na", chukueni fomu, jazeni sehemu mnazozijua kutoka kwenye faili: jina la dawa, kipimo, tarehe, dalili zilipoanza. Kisha mpelekeeni yeye au mfamasia amalizie. Wengi hawaijazi kwa sababu ya kukosa dakika kumi za kutafuta tarehe. Tarehe ndizo kazi yetu.

Naomba pia tubadilishe namna ya kufungua juzuu jipya. Ukurasa wa kwanza wa juzuu la pili uwe na mistari michache iliyohamishwa kutoka la kwanza: magonjwa ya kudumu, mzio, na steroidi zote kwa kipimo na tarehe. Kwa vituo vinavyotumia mfumo wa kompyuta, msidhani mmeokoka. Mgonjwa aliyesajiliwa mara mbili kwa namba mbili ni juzuu mbili zilizotengana vile vile. Na mgonjwa mwenyewe apewe karatasi ndogo inayosema alitumia steroidi gani na lini, kwa Kiswahili, ili akifika hospitali nyingine asitegemee stoo yetu.

Kabla ya kikao kijacho, kila kituo kivute mafaili ya wagonjwa walio chini ya miaka 50 yenye M79.6, M25.5, M16 na M87.9 ambayo yamerudi zaidi ya mara mbili kwa mguu ule ule. Someni karatasi za dawa kutoka mwanzo. Mkikuta steroidi, msifute msimbo wa zamani na msiweke mpya. Andikeni swali na kulipeleka kwa daktari wa kliniki, na mgonjwa aitwe ikiwa daktari ataona hivyo. Kwenye kikao njooni na idadi na maswali mliyojibiwa, si majina ya watu. Mafaili yenye juzuu mbili yaanze kwanza, na anayeshuka stoo aende na tochi, asiridhike na rafu za juu.

Ndugu yenu katika kazi,

Katibu, Kamati ya Misimbo